Vema Themanini na Nne

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zako zimenifikia kupitia kwa mwanangu. Nimeona nikujibu kwa barua, maana simu mimi na wewe hatuiwezi: tunasalimiana, tunaulizana kama mvua imenyesha, halafu kila mmoja anabaki kumsikiliza mwenzake akipumua. Barua angalau humpa mtu nafasi ya kufuta.

Ni kweli, nimepasuliwa bega la kulia, tarehe ishirini na moja mwezi uliopita. Niliteleza bafuni. Kulikuwa na sabuni sakafuni, nikauangukia mkono. Ndiyo habari yote, haina utamu wowote.

Ila ngoja nikueleze bega lenyewe, kwa sababu nimeishi nalo miaka sabini na mbili bila kulijua. Nyonga ni kama mchi ndani ya kinu: mfupa umezama, kuung'oa ni kazi. Bega si hivyo. Bega ni chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni kano nne zilizolishika kama vidole. Kwangu mimi, mbili kati ya hizo zilichanika. Daktari amezirudisha na kuzishona kwenye mfupa. Kazi yake imekwisha kwa saa moja na nusu. Kazi yangu, anasema, ni ya miezi sita. Nikiuchezesha mkono vibaya mapema, nyuzi zitakatika. Nikiuacha umelala, nyama zitagandana na bega litakuwa kama bawaba iliyoshika kutu. Njia ni nyembamba, inapita katikati hapo.

Wa kunipitisha njia hiyo ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo ambaye hata viatu vyangu vya ofisini vinamzidi umri. Neno lake ni moja tu, "taratibu, mzee, taratibu," kwa hiyo nimempa jina la Bi Taratibu. Amenipa karatasi yenye jedwali: siku zinashuka, na kila siku ina visanduku vitatu, asubuhi, mchana na jioni. Ukishafanya zoezi, unatia alama ya vema. Unanijua mimi na majedwali. Nimelipachika ukutani kwa pini, likanyooka sawasawa.

Nakuandikia kwa mkono huohuo, nimeulaza mezani juu ya mto. Kiganja kinafanya kazi, bega ndilo lililolala. Ndiyo maana herufi zinakwenda kama zimelewa.

Wasalimie wote hapo.

Kaka yako

17 Februari

Kaka, shikamoo, na pole tena.

Nisamehe kwa kuchelewa. Shule zimefunguliwa, na kama kawaida wazazi wote wamekumbuka siku moja kwamba watoto wao wamekua. Mimi na wasichana wangu wawili hatujainua vichwa kwenye cherehani kwa majuma matatu. Juzi mmoja kashona zipu ya sketi mbele na mfuko nyuma, akaniuliza kwa nini nacheka.

Katika mabaki ya kitambaa nimekushonea mashati mawili. Usishangae ukiyafungua. Bega la kulia sikulishona, linafungwa kwa kamba kuanzia shingoni mpaka kwenye kiwiko. Unakaa kitako, unalitandika shati juu yako kama kitambaa cha meza, halafu unafunga kwa mkono wa kushoto. Hutakuwa na haja ya kumwita mkweo aje akuvalishe. Nakujua, wewe ni mtu wa kushinda na shati moja wiki nzima kuliko kumwambia mke wa mwanao akushike kwapa.

Ila hapo bafuni sijaelewa. Wewe huogi umesimama tangu ulipostaafu. Unaoga umekaa kwenye kigoda, na faida za kigoda ulinieleza mwenyewe kwa dakika ishirini nzima. Sasa mtu aliyekaa anaangukaje? Au ndiyo sabuni za siku hizi? Haya, yapite.

Hilo jedwali likijaa, nitumie nilione. Maisha yangu yote sijawahi kuona daftari lako wewe likikaguliwa. Natania, Bwana Mkaguzi.

Mdogo wako,
Fundi

3 Machi

Mdogo wangu,

Mashati yamefika na yamenisitiri kuliko ninavyoweza kusema. Nimeyavaa mwenyewe. Bi Taratibu ameyapenda mno, ameniuliza fundi ni nani, nikamjibu ni mdogo wangu na kwamba mikono yako haijawahi kukosea mstari.

Umetaka kujua mazoezi yakoje. La kwanza: unainama, unashika meza kwa mkono mzima, ule mgonjwa unauacha uning'inie, unayumba mwenyewe kama kamba ya kengele. Ukiutazama unaona hakuna kazi. Siri yake ni kwamba mkono unasogea bila misuli yake yenyewe kuamka. La pili: unakaa mezani, unaweka kiganja juu ya kitambaa laini, unakisukuma mbele polepole mpaka kifua kinakaribia meza. La tatu ni la fimbo: mkono mzima unausukuma mgonjwa, kama mkubwa anayemfundisha mdogo kutembea.

Maumivu yapo, lakini si ya kuandikia barua. Kilichonisumbua zaidi ni homa. Kuanzia Jumanne iliyopita mpaka Alhamisi nililala tu, hata kijiko sikuweza kukiinua, mkwe wangu akawa ananipa uji. Imepita.

Jedwali limejaa, nakuletea lenyewe. Siku ishirini na nane, mara tatu kwa siku, vema themanini na nne. Bi Taratibu alilitazama akasema angependa kulionyesha kwa wagonjwa wengine. Nilimwambia kwamba mtu akikagua shule kwa miaka thelathini na moja, hata kuugua anaugua kwa utaratibu.

Kaka yako

14 Machi

Kaka,

Nilipolitoa jedwali lako kwenye bahasha nilicheka mpaka wasichana wakasimamisha cherehani. Baadaye sikucheka.

Umesahau ulichonifundisha? Mimi sijasahau, ulinifundisha mbele ya walimu wenzangu. Miaka ishirini na sita iliyopita ulikuja shuleni kwangu kukagua. Mwenzako alijitolea kukupokea kazi ile kwa sababu mwalimu ni ndugu yako, ukakataa, ukasema watu watadai unanilinda. Ukachukua daftari langu la vipindi, ukalipeleka dirishani kwenye mwanga, ukawaambia wote: "Tazameni. Vipindi vya majuma matatu, wino mmoja, mkao mmoja wa kalamu. Hiki kimejazwa kwa kikao kimoja. Daftari la kweli lina siku mbaya. Daftari la uongo siku zake zote ni nzuri."

Basi na mimi nimelipeleka jedwali lako dirishani. Wino mmoja. Vema zote zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Na hiyo Jumanne mpaka Alhamisi, ulipokuwa huwezi kuinua kijiko, kaka yangu, ulifanya mazoezi asubuhi, mchana na jioni.

Sikuandikii kukusuta. Labda nakusuta kidogo, nimeingoja nafasi hii kwa muda mrefu na sitasema uongo kwamba haikuwa tamu. Lakini ule mkono wangu ulioandika daftari la uongo ulikuwa mzima. Wako unakauka. Unamdanganya nani? Yule binti? Bega halisomi jedwali.

Niandikie ukweli. Kama huna, usiniandikie.

Mdogo wako

16 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mkwe wa kaka yako, mke wa mwanao. Najua si kawaida yangu kukuandikia, lakini nimeona nisiponyoosha mkono mimi, hakuna atakayekuambia kitu humu ndani.

Jana tulimpeleka Baba kwa daktari. Wiki kumi na mbili zimetimia. Mkono haupandi zaidi ya kifua. Daktari aliujaribu mwenyewe, Baba akang'ata midomo mpaka ikawa myeupe. Daktari kasema bega limeganda. Kampa miezi miwili. Likibaki hivyo, watampiga nusu kaputi alale na kuuvunja ule mgando kwa nguvu, na kwa umri wake na presha yake, wenyewe hawaitaki njia hiyo. Bi Taratibu alikuwa amesimama na jedwali jipya mkononi, limejaa vema. Alilikunja tu, akaliweka mfukoni. Baba aliona. Tangu hapo hajanitazama usoni.

Hali nasi mezani. Anakula chumbani kwa sababu mkono wa kushoto unamwaga, na hataki tuone. Na nikuambie, Shangazi, analia. Anaingia bafuni, anafungulia maji, anadhani maji yanaficha.

Barua yako ya mwezi uliopita iko chini ya mto wake. Nikitandika kitanda naiondoa, nairudisha palepale.

Kuna jingine, na hili niliahidi kutosema. Hakuanguka bafuni. Alipanda kiti chumbani kwake kutafuta jalada la karatasi lililo juu ya kabati, mguu wa kiti ukakatika. Nilipofika, kitu cha kwanza alichosema si "nimeumia". Alisema, "Usiliguse lile." Mpaka leo liko kulekule juu, na vumbi lake. Sijui ni la nini. Mume wangu kaniambia niache mambo ya wazee.

Unisamehe, na umsamehe.

Mke wa mwanao

25 Aprili

Kaka,

Usimlaumu mkweo. Kaitoa siri yako kwa sababu anakupenda, na ungekuwa na haya kidogo tu chini ya hizo ulizonazo, ungemwambia wewe mwenyewe akuite mlangoni mara tatu kila siku ufanye mazoezi.

Ndani ya kifurushi utakuta utepe wangu wa kupimia na chaki mbili za kukatia nguo. Simama ubavu ukutani, pandisha vidole kama buibui mpaka pale pa kukataa, tia alama, andika tarehe. Siku ukishuka chini ya jana, tia alama hivyohivyo. Bi Taratibu mwonyeshe ukuta, usimwonyeshe karatasi.

Na hilo jedwali, lichoree safu ya nne. Iandike juu "Sababu". Siku usiyofanya, acha visanduku vitupu, halafu sema kwa nini. Safu hiyo kwenye daftari langu haikuwepo. Ingekuwepo, ningeijaza.

Mimi si mtaalamu, lakini mkono mmoja niliwahi kuuamsha. Wa Mama, alipopooza. Siku ishirini na moja niliuinua asubuhi, mchana na jioni, yeye akinitukana kwa upande mmoja wa mdomo uliobaki. Siku ya kumi na tisa alishika kikombe. Siku ya tano na ya kumi na mbili hatukufanya chochote, tulilala tu tukatazamana, tumechoshana. Hivyo ndivyo siku zinavyokuwa.

Juu ya kabati kuna nini?

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii mara nne. Mara tatu za kwanza nilijikuta nakueleza bega.

Vema zile ni za uongo, zote isipokuwa mbili za siku ya kwanza. Siku hiyo nilifunga mlango, nikainama kama nilivyoelekezwa, nikauacha mkono uyumbe. Mbele yangu kulikuwa na kioo cha kabati. Nilimwona mzee amekunjamana, mkono unaning'inia kama mlango uliotoka bawaba moja. Nikajaribu lile la fimbo, maumivu yakaja, nikatoa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Mkwe wangu akagonga: "Baba, vipi?" Nikamjibu nakohoa. Baada ya hapo, kila nikiishika fimbo naisikia sauti ile kabla sijaitoa. Nikaiacha. Kila Jumatatu kabla ya kwenda kwa Bi Taratibu nilikaa mezani nikajaza wiki nzima. Nilichukua dakika mbili. Mimi, niliyewafukuzisha watu kazi kwa jambo hilo hilo. Niliwahesabu usiku mmoja nikakomea kwa kumi na mmoja, kwa sababu wa kumi na mbili ni wewe.

Umeuliza juu ya kabati kuna nini. Kuna nakala za taarifa zangu za ukaguzi, zile nilizobaki nazo nilipostaafu. Nilipanda kiti kutafuta moja, ya shule yako, niichane. Mwaka huu presha imenitisha mara mbili, nikawaza kwamba siku nikiondoka mwanangu atasafisha chumba, naye ni msomaji.

Ukurasa wa tatu, chini, kuna mstari: "Sababu: haikutolewa."

Wewe ulinipa sababu. Ulinipa ukiwa umesimama kwenye ukumbi, karibu na stoo ya madawati, ukasema, "Mama kapooza, nimekuandikia barua mbili uje tushikane zamu, hukuja, ningemwachia nani?" Nilikuwa na barua zako zote mbili ndani ya mkoba niliokuwa nimeushika. Nilikuwa nimekujibu kwamba ni msimu wa ukaguzi na siwezi kutoka. Sasa elewa nilichofanya, na hapa sielezi ili nijitetee, naeleza ili kisibaki kipande. Kama ningeandika sababu, msomaji wa kwanza angeuliza: huyo mama anayeuguzwa ni wa nani? Ni wa mwalimu. Na mkaguzi ni nani kwake? Ni kaka yake. Basi huyo kaka alikuwa wapi? Ndipo nikaandika maneno yale mawili. Watu wakanisifu kwamba sipendelei hata damu yangu. Nilizipokea zile sifa. Nilikwenda nazo nyumbani kwa Mama, akanishika kwa mkono ule ule uliouamsha wewe.

Sikuombi kitu. Naona haya hata kuandika "nisamehe", lingekuwa vema jingine.

Jedwali la wiki moja liko ndani. Lina matundu mengi. Safu ya nne nimeijaza.

Kaka yako

17 Mei

Kaka,

Nilijua.

Ulidhani sijui? Mwalimu anayeitwa mbele ya kamati ya nidhamu hupewa nakala ya taarifa. Niliusoma mstari ule nimesimama, watu watano wamekaa. Mwenyekiti aliniuliza, "Je, ulimweleza mkaguzi kwamba unauguza?" Nikasema ndiyo. Akageuza ukurasa wa tatu, akautazama, akaniangalia mimi. Hili ndilo usilolijua, kwa hiyo lijue: hawakunifukuza kwa daftari. Kwa daftari nilikuwa nipewe onyo. Walinifukuza kwa kuidanganya kamati.

Sikukutaja. Mama alikuwa hai, ameanza kusema maneno, na jina lako ndilo alilolitamka vizuri kuliko yote. Baada yake nilichoka. Nikajifunza cherehani, nikakuta naipenda. Kwa hiyo usinililie kazi ile.

Kinachoniuma ni binti yangu. Mpwa wako naye ni mwalimu sasa, unajua. Amekua akijua mama yake aliachishwa kwa kusema uongo. Hajawahi kunitamkia. Lakini kila akija likizo, madaftari yake anayajaza mezani mbele yangu, kila siku, siku hiyohiyo, kama mtu anayefuta kitu. Namtazama, naendelea kushona.

Kwa hiyo usiichane. Itoe. Andika chini yake kilicho kweli, tia sahihi, umtumie yeye. Kwangu mimi hakuna haraka, mimi nilikuwepo.

Na sitaki uagize mtu akuletee. Kiti usipande tena. Kabati lile ni la Mama, nalijua: mtu wa kimo chako akinyoosha mkono sawasawa anafika. Usije ukaniambia una wa kushoto. Mkono wa kulia ndio ulioandika.

Pima kabati kwa utepe, tia alama ya chaki ukutani kwa urefu huohuo. Huko ndiko unakokwenda.

Safu ya nne nimeisoma. "Tarehe nne, mchana: niliogopa." Hiyo ndiyo karatasi yako ya kwanza niliyoiamini.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Naanza na ukuta. Alama ya kwanza iko usawa wa ziwa langu. Alama ya kabati iko juu ya kichwa changu kwa kiasi cha mkono mpaka kiwiko. Kati yake kuna mistari thelathini na nane, na si ngazi: inapanda, inashuka, kuna siku sita nzima imekaa mahali pamoja kama ng'ombe aliyegoma.

Bi Taratibu nilimwambia. Nilimwambia mbele ya wagonjwa wengine kwa sababu sikupata mahali pa faragha, na nadhani ndivyo ilivyostahili. Nilisema, "Binti yangu, majedwali niliyokupa ni ya uongo, nilikuwa nayajaza asubuhi ya kuja hapa." Akasema, "Najua, mzee. Nilikuwa nangoja." Halafu akanishika kiwiko akasema taratibu. Nimeangukia kwa watu wanaongoja, mdogo wangu. Sikujua kwamba wamenizunguka.

Sauti ile inatoka bado. Sasa mkwe wangu hagongi. Anaingia, anashika ncha ya pili ya fimbo, anasema, "Kohoa, Baba, kohoa," tunaendelea. Siku ya kwanza nilitamani sakafu ipasuke. Siku ya tatu alinichekesha nikasahau kuhesabu.

Jumatatu daktari aliupandisha mkono, kiwiko kikapita paji la uso. Nusu kaputi haitakuwepo. Amesema hautarudi wote. Nyuma ya kichwa haufiki, labda hautafika. Nimeona nikuandikie na hilo.

Juzi Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikwenda kwenye kabati. Kwa siku tisa vidole vilikuwa vinagusa ukingo na kulikosa jalada kwa upana wa kiganja. Nilisimama kwa vidole vya miguu, nadhani hiyo hukuikataza. Nilipata pembe moja ya jalada. Nikalivuta, likaniangukia kichwani na vumbi lake lote, karatasi zikatawanyika chumba kizima. Nilipiga magoti nikazikusanya. Zamani nilikuwa nawaagiza watu kuziokota.

Ukurasa wa tatu huu hapa. Chini yake nimeandika hivi, nakala moja yako, moja ya mpwa wangu, ya tatu nimeipeleka ofisi ya ukaguzi nikasubiri mpaka wakaigonga muhuri wa kupokelewa. Karani alisoma akaniuliza, "Mzee, hii ina faida gani leo?" Nilitaka kumweleza. Nikamwambia tu, "Igonge."

"Mstari huu ni wa uongo. Sababu ilitolewa. Mwalimu alinieleza ana kwa ana kwamba alikuwa akimuuguza mama yake aliyepooza. Mama huyo ni mama yangu pia. Niliombwa mara mbili kwenda kusaidia, sikwenda, na niliandika hivi ili jambo hilo lisijulikane. Mwalimu hakuidanganya kamati."

Nimeweka tarehe ya jana, siku niliyoiandika. Wino umeishia katikati, utaona nimebadilisha kalamu.

Kaka yako

1 Julai

Kaka,

Imefika. Kalamu mbili, nimeziona. Niliipeleka dirishani kwa mazoea.

Binti yangu alikuja Ijumaa na nakala yake kwenye mkoba. Alisoma tena mbele yangu, akaniuliza, "Mama, mbona hukusema?" Nikamwambia nilisema. Akairudisha nakala mkobani, akaniambia, "Mjomba nitamwandikia, ila si sasa hivi." Nimemjibu, "Una muda." Na mimi ndivyo, kaka. Nimeanza, sijamaliza. Baadhi ya siku visanduku ni vitupu.

Yale mashati ya kamba nirudishie niyafumue, kitambaa chake bado kizuri. Badala yake nakutumia fulana nzito ya baridi. Haina kamba wala kifungo, inapita kichwani, itakutaka uinue mikono yote miwili.

Ikikukwama katikati, usifungulie maji. Ita mtu.

Mdogo wako